Habari Niliyoifuta

Mwanangu Sauda,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Mimi hali yako naijua: umeninunia. Sahani yako ya pilau nimeifunika kwa kawa, iko mezani, nyama yote iko vilevile ulivyoiacha. Umesema unaenda Upanga kumuaga shoga yako Neema, ukatoka, na mlango ukaufunga polepole. Ungeubamiza ningejua umekasirika tu, kesho yameisha. Mtu akinifungia mlango polepole mimi nakosa raha, kwa sababu ndivyo baba yako alivyoufunga.

Basi nimekaa kwenye kitanda chako, katikati ya begi na lile godoro ulilolifunga kamba, naandika. Usinicheke mwandiko. Darasa la saba nililimaliza, na shule nzima hakukuwa na mwandiko kama wangu. Mwalimu alikuwa ananipa chaki niandike ubaoni yeye akienda kunywa chai. Mkono umeharibika kwa kukunja khanga tu.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji, wala neti, wala wanaume wa kwenye basi. Hayo umeyasikia mpaka yamekuota masikioni, na akili unazo kwa sababu umezitoa kwangu. Nataka tuongee hili la leo. Nina hasira, nakuambia kabisa. Hasira na wewe, na waliokupangia kituo, na mdomo wangu mwenyewe, hata sijui nianze na nani.

Nianze na waliokupangia kituo, maana hao hawanijibu. Nchi nzima hii, wanakutupa ndani ya Sumbawanga. Unapanda basi alfajiri, jua linazama bado uko njiani, ukishuka unatafuta bodaboda, ukishuka kwenye bodaboda unauliza watu shule iko wapi. Mtoto niliyemsomesha mimi, kwa meza moja ya khanga, mpaka akatoka na cheti cha ualimu ambacho nimekipiga picha na kumwonyesha hadi muuza maji. Nikakuambia omba wakubadilishie, hata Kibaha, hata Chalinze. Ukanijibu, "Mama, watoto wako kila mahali." Ningekuwa sijakuzaa ningekupigia makofi kwa jibu hilo. Kwa kuwa nimekuzaa, limenikera mpaka leo.

Sasa mdomo wangu. Yale ya Mbeya mjini sikukaa chini nikayapanga, Sauda. Ilikuwa wiki iliyopita pale kibarazani. Mama Happy alianza kutamba na mwanawe wa benki, huko Posta, ofisi ina ubaridi, shingoni anavaa kitambulisho cha kamba. Mama Happy tangu nimjue akisema anasema kwa sauti, sokoni wote tusikie. Akaniuliza, "Na mwalimu wetu, wamempeleka wapi?" Nikausikia mdomo wangu unajibu, "Mbeya mjini. Mwalimu mkuu msaidizi." Hata mimi mwenyewe nilishangaa. Lakini likishatoka limetoka, na kusema kweli nililala vizuri siku ile.

Nilidhani utaondoka bila watu wa sokoni kukuona. Ningejuaje kwamba watachanga, wapike, waje na khanga na shughuli nzima uani kwetu? Ungeona wenyewe wanavyokupenda, ungetulia. Wewe unamsalimia Bi Nuru, "Shikamoo," yeye badala ya kuitikia marahaba ikaisha, anasimama na wale wajukuu zake nyuma, mikono bado inanuka binzari ya dukani kwake, anasema mbele ya watu wote, "Hongera mwalimu mkuu. Ukifika Mbeya utukumbuke na mchele."

Nilikuangalia. Nilikuomba kwa macho. Ungesema "Asante Bi Nuru," ingekupunguzia nini?

Ukasema, "Bi Nuru, mimi siyo mwalimu mkuu. Na siendi Mbeya mjini. Naenda Sumbawanga, ndani kabisa, kufundisha darasa la pili."

Watu wakaangalia soda zao. Mama Happy aliiangalia ya kwake kama nyuma imeandikwa tarehe yake ya kuzaliwa. Bi Nuru, Mungu amlipe, akasema, "Haya, hata la pili ni darasa," akaanza kugawa sambusa.

Halafu ukanifuata humu chumbani. Nikajua utanigombeza, nikajiandaa, nina majibu yangu. Hukugomba. Ulisema neno moja tu: "Mama, umeniandikia habari tena."



Wewe na mimi tunajua hilo neno limetoka wapi. Lakini hatujawahi kulizungumza hata siku moja, tunalizunguka kama watu wanavyozunguka chemba ya choo iliyofurika. Leo nataka niliandike lote, mwanzo mpaka mwisho, na wewe ulisome ukiwa umeshafika mbali ambako huwezi kunifungia mlango.

Ulikuwa darasa la pili. Tulikaa Magomeni, chumba kimoja, na wewe unasoma huku Kariakoo ili nikichungulie kichwa chako mchana. Mimi shule yako niliipenda kuliko wewe. Mwalimu Mbonde akisema leteni vizibo vya soda vya kuhesabia, wenzako wanaleta kwenye kimfuko, mimi nakuletea ndoo. Unakumbuka? Nilizunguka glosari zote za mtaa na baibui langu, nainama chini ya meza za walevi kuokota vizibo. Mlevi mmoja akaniuliza, "Bi mkubwa, umeangusha nini?" nikamjibu, "Hesabu za mwanangu." Darasa zima lilihesabu kwa vizibo vyangu mwaka ule. Nasema vyangu kwa sababu ni vyangu.

Na Mwalimu Mbonde alikuwa na utaratibu wake wa habari. Kila asubuhi mtoto mmoja anasimama mbele ya darasa na daftari: "Jina langu ni fulani. Habari yangu ni hii." Anasoma habari ya nyumbani kwao, akimaliza anasema, "Mwisho wa habari," na wenzake wanampigia makofi ya kilo. Kuiandika ndiyo ilikuwa kazi ya nyumbani ya mtoto ambaye kesho ni zamu yake. Wewe ulikuwa unanisimulia habari za wenzako jioni unakula muhogo wako. Wa leo kwao wamenunua friji la milango miwili. Wa jana walikwenda Bagamoyo na gari la baba yao. Ulikuwa unasimulia kwa furaha tu, mtoto, hata hukuwa na wivu. Wivu nilikuwa nao mimi, unaniwasha mwili mzima, nakukaripia bure kwamba umemwaga chai.

Zamu yako ilipofika, siku moja kabla ilinyesha ile mvua. Jangwani pakajaa, magari yakasimama, na sisi nyumbani ni ng'ambo. Watu wanasubiri maji yapungue, mimi nikaona giza litatukuta na sisi wote wawili ni wageni wa maji. Nikafunga doti yangu ya khanga kiunoni, nikakubeba mgongoni, nikapita pembeni walipokuwa wanapita wanaume. Maji yalikuwa magotini, mahali pengine zaidi. Nilikuwa naimba. Sikuwa nimefurahi, niliimba kwa sababu nilikuwa naogopa, na nilitaka usisikie ninavyohema.

Tulipofika ukakaa chini ukaandika. Mimi nasonga ugali, wewe unaandika na ulimi nje. Ukaniletea. Uliandika hivi, sijasahau hata nukta:

"Jina langu ni Sauda. Habari yangu ni hii. Jana mvua ilinyesha. Jangwani palijaa maji. Mama alinibeba mgongoni. Alikuwa anaimba ili nisiogope. Viatu vyangu havikulowa. Mwisho wa habari."

Nikakuambia, "Ndiyo nini sasa hii?"

Ukasema, "Ndiyo habari, mama."

"Unataka waseme sisi watu wa mafuriko? Habari ni kitu cha maana. Lete hapa."

Nikachukua ufutio nikafuta. Nilisugua mpaka karatasi ikawa nyembamba, ikaota manyoya. Halafu nikakusomea, wewe unaandika: Mama yangu ana duka kubwa Kariakoo. Baba yangu yuko Dubai kufuata mzigo. Jumapili tulikula kuku mzima.

Ulisimamisha penseli pale kwenye Dubai. Ukaniuliza, "Baba yuko Dubai?" Baba yako alikuwa Mbagala kwa mke wake mpya, na wewe ulikuwa unajua, kwa sababu siku ya Idi ulikwenda kwake ukarudi na viatu alivyokununulia, hivyohivyo ambavyo havikulowa. Nikakujibu, "Andika."

Ukaandika. Kesho yake nikakuuliza, "Walipiga makofi?" Ukasema, "Walipiga." Nikajiona nimeshinda.

Mwalimu Mbonde naye sijui alitumwa na nani. Walikuwa wanasoma mambo ya kazi za watu katika mtaa wetu, akaona huyu Sauda si mama yake ana duka kubwa, hapa karibu? Akakutuma uniambie kwamba Alhamisi darasa litakuja kutembelea duka. Uliniambia pale mezani kwangu, umeshika pindo la khanga ya biashara, unaikunjakunja. Ilikuwa nafasi yangu ile. Ningekwenda shuleni nikasema mwalimu samahani, mtoto alikuwa anaota. Hapana, hiyo nayo ingekuwa kukusingizia. Ningesema ni mimi. Nikaenda kwa Mangi.

Mangi unamjua, hajabadilika, tumbo tu limeongezeka. Duka la sufuria na mabeseni, na mimi kwenye kibaraza chake na meza yangu. Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika mlango.

"Mama Sauda, unataka duka langu?"

"Kwa saa moja tu, Mangi."

"Na mimi niende wapi? Nikauze khanga?"

"Wewe utakuwa mfanyakazi wangu."

"Haya, bosi. Lakini ujue sisi wafanyakazi kwetu Rombo tunalipwa na chai."

Tulicheka. Nasema ukweli, nilikuwa nimefurahi. Alhamisi nilivaa gauni la sikukuu, nikapaka wanja. Mkaja mmeshikana mikono wawili wawili, soksi nyeupe, Mwalimu Mbonde nyuma na kifimbo cha kuongozea, na wapagazi wote wa mtaa wanasimamisha mikokoteni mpite. Nikasimama nyuma ya kaunta ya Mangi kama nimezaliwa hapo. Mangi naye alikolea: "Bosi, haya mabeseni niyapange wapi? Bosi, mzigo wa Mwanza utoke lini?" Watoto midomo wazi.

Kisha mtoto mmoja akauliza sufuria ile kubwa bei gani. Sikujua. Nikamwangalia Mangi, Mangi akakohoa akaitaja. Mwingine, yule wa friji, akakuuliza wewe mbele ya wote, "Baba yako amerudi kutoka Dubai?" Ukasema, "Bado." Ulisema taratibu, kama mtu anayetoa kitu mfukoni ambacho hataki kukitoa.

Na hapo ndipo kile kitoto cha mbele, kile chenye pengo, kikanyoosha kidole nje. "Na ile meza ya khanga ni ya nani?"

Nimejiuliza mara nyingi ningesema nini kingine. Ningesema pia ni yangu, tawi langu. Ningesema sijui. Nilisema, "Ya mama mmoja tu, anajishikiza hapo."

Mama mmoja tu. Meza iliyokununulia madaftari, na penseli ile, na ufutio ule.

Wewe hukuniangalia. Ulitoka kwenye mstari, ukaenda nje, ukasimama kwenye meza. Mimi nikidhani una hasira, kumbe umeona hakuna mtu wa kuilinda na mtaa umejaa watu. Ukaanza kukunja khanga zilizovurugwa na upepo, unakunja kama nilivyokufundisha, pindo juu ya pindo, maandishi yatokee mbele. Mtoto wa darasa la pili. Mwalimu Mbonde akakuona. Akaniangalia mimi, akaangalia mikono yako, akarudi kwangu. Akajua yote, Sauda. Mwalimu yule hakuwa na shahada wala makuu, lakini alijua.

 Aliwaambia watoto washukuru, wakaimba kiwimbo chao. Alipotoka alisimama mezani, akachagua doti moja, ile ya zambarau, akakulipa wewe. Halafu akasema kwa sauti ya kunifikia mimi ndani, "Mwambie huyo mama wa meza, khanga zake nzuri sana."

Mpaka leo sijaamua kama alinisitiri au alinichapa. Nadhani vyote.

Tangu siku ile, ukirudi shule nikakuuliza, "Habari za shule?" wewe unasema, "Nzuri." Basi. Muhogo unakula, maneno hakuna. Nikadhani umekua. Nikawaambia watu mwanangu mtulivu, hana umbea kama watoto wa wengine. Nilijisifia hata kwa hilo, mwanangu, nilijisifia kimya chako.

Ulipovunja ungo, wa kwanza kujua alikuwa Bi Nuru. Alinivuta kando pale kati ya magunia ya karafuu akaniambia, "Mwanao amekuwa mkubwa, mnunulie vitu vyake," na mimi nikajifanya nilikuwa najua. Ulipofeli hesabu kidato cha pili nikaambiwa na mtu wa stesheneri. Ulipougua homa chuoni na kulazwa, nilipata habari umeshatoka, umeshapona, unanipigia simu, "Nzuri mama." Kila mtu Kariakoo hii ana habari zako isipokuwa mimi. Na mimi ndiye mwenye mdomo wa kuzitangaza. Pengine ndiyo sababu.

Hilo ndilo linalonikera usiombe. Sumbawanga si tatizo. Ungekuwa unanipa habari zako hata ukae Kongo nisingelia. Tatizo ni kwamba nakupeleka mbali ukiwa na hilo neno moja tu, "nzuri". Ukiumwa, nzuri. Ukikosa mshahara, nzuri. Ukipata mtu akakutesa, nzuri, mama, nzuri. Na mimi huku nitakaa nazijaza mwenyewe hizo nafasi, maana siwezi kukaa kimya, unanijua. Usiponipa habari nitatunga.

Nilivyosikia unakwenda kufundisha darasa la pili, kati ya madarasa yote, nikataka kuwapigia simu niwaulize kwa nini wananidhihaki.

Sasa utakuwa wewe ndiye mwenye kifimbo. Siwezi kukufundisha kazi ambayo umeisomea. Ila kuna mlichosomeshwa na walimu, na kuna nilichojifunza mimi kwa kukaa upande wa pili wa kazi ya nyumbani, kwenye jiko. Siku hizi huku kazi inakuja kwenye simu, kwenye kundi la wazazi. "Wazazi, kesho watoto waje na chungu walichofinyanga wenyewe." Kariakoo. Tutafinyanga zege? Juzi mjukuu wa Bi Nuru kapelekewa chungu kutoka dukani, stika ya bei bado imebandikwa kwenye kitako, na akapewa nyota. Bi Nuru kaniletea kunionyesha hiyo nyota. Nikataka kusema neno nikakumbuka ndoo yangu ya vizibo, nikanywa kahawa.

Kwa hiyo mtoto akikuletea habari yenye Dubai ndani yake, usimcheke. Wala usimwite mwongo. Mwongo yuko nyumbani anasonga ugali, na hajui afanye nini na aibu yake. Nunua doti. Wewe utajua huko doti yao ni nini.

Lakini mimi si mtoto wako wa darasani, na sitaki kusitiriwa na wewe. Nataka uniambie.

Nikuambie na lililotokea baada ya wewe kutoka, maana hukuliona. Nilirudi uani. Nilikuwa nimeshaliandaa neno, liko kwenye ncha ya ulimi, zuri kabisa: huyu anatania, anaogopa kijicho, cheo hawezi kukitaja kabla hajakikalia. Wangeniamini. Nusu wangeniamini. Bi Nuru akaniuliza, si kwa ubaya, "Mama Sauda, kwani mtoto anakwenda wapi?"

Nikasema, "Sumbawanga. Ndani. Darasa la pili."

Nilingoja wacheke. Mangi, aliyekuja kula tu, akasema, "Nilishangaa mimi, mwalimu mkuu gani anaanza kazi jana." Nikamwambia anyamaze ale. Mama Happy hakucheka. Akasema, "Sumbawanga si kuna baridi kali? Mtoto ana sweta?" Nikasema sijui. Kweli sikujua, hukuniambia na sikuuliza. Akaondoka bila kuaga, karudi na sweta la Happy, la kijivu, jipya, la huko huko benki. Nimeliweka juu ya begi lako. Ndani ya begi sijatia mkono. Unavyonijua, ungedhani nimeshalipanga upya lote, lakini sijaligusa, nimelikalia jirani tu naangalia zipu yake inavyobinuka.

Nitatamba na wewe, hilo usiniombe niache, siwezi. Ila nitatamba kwa kilichopo. Nilikuwa nadhani kilichopo hakitoshi. Mtoto aliandika habari yenye mama ndani yake, maji magotini, wimbo, viatu vikavu, na huyo mama akaona haitoshi akaifuta, akaweka kuku. Hakuna mwanamke sokoni pale aliyewahi kuandikwa hivyo na mtoto wake, hata Mama Happy. Nilikuwa nayo mkononi na nikaifuta mimi.

Ukifika, nitumie habari. Moja inatosha. Mbaya ndiyo bora, ili nijue ni ya kweli. Ikiwa nyumba inavuja, niandikie inavuja. Ikiwa umelia, niandikie. Sitamsomea mtu. Nikishindwa nitamsomea Mangi peke yake, na yeye hasikilizi. Na kwa kuwa mwalimu mzuri hatoi kazi ambayo mwenyewe hawezi kuifanya, naanza mimi. Sikuiandika kwanza kwenye karatasi nyingine, na ufutio humu ndani hakuna.

Jina langu ni Mama Sauda. Habari yangu ni hii. Mimi nauza khanga kwenye meza, nje ya duka la Mangi. Baba wa mwanangu yuko Mbagala. Leo nilimwaibisha mwanangu mbele ya watu, na kesho anaondoka. Nimempikia pilau hajala. Naogopa atanyamaza huko kama alivyonyamaza hapa. Mvua imeanza kunyesha, yeye yuko Upanga hana mwavuli, na sasa ni mtu mzima, siwezi tena kumbeba. Ila mlango sijaufunga, na natoka sasa hivi na mwavuli nimfuate njiani. Mwisho wa habari.